Mpini wa Mkono wa Kushoto

Wenzangu mliofuta daftari kwa mate mpaka karatasi ikatoboka, haya nawaandikia ninyi. Watoto wa siku hizi nao wanaruhusiwa kusoma, ila wasituulize maswali mengi. Nusu ya mambo tuliyoyaishi sisi hayana picha wala video, na kwao kitu kisicho na video hakijatokea.

Yamenijia wiki iliyopita, nyumbani kwangu hapa Guangzhou. Nilikuwa nimerudi kutoka Shiling, kule kwenye viwanda vya mikoba, na mteja wangu mmoja wa Dar es Salaam ambaye kila duka lazima aingie na kila mkoba lazima aunuse kuhakikisha kama ni ngozi. Miguu ilikuwa imevimba. Nikamkuta mwanangu Sudi amejilaza kwenye kochi, simu iko puani.

"Mama, nimeitengeneza upya bastola yangu!" akaniambia kwa furaha.

Moyo ukanipiga paa. Nikasogea kuangalia, kumbe ni ya kwenye gemu. Ameubadilisha mpini ukawa wa dhahabu, ameipachika darubini, ameipaka madoa ya chui, na kazi yote hiyo ameifanya akiwa amelala chali.

"Na mkono wako umeenea?" nikamuuliza.

"Mkono gani, Mama?"

Nikacheka mwenyewe mpaka jikoni. Nikainjika chai, nikakaa, na badala ya kuhesabu oda za mteja wangu nikajikuta nimerudi Morogoro, kwenye kota za polisi, nina miaka kama tisa hivi, na Baba ameushika mkono wangu wa kushoto anaugeuzageuza kama mtu anayechagua papai sokoni.

Nyie mliokulia kota mnanielewa. Asubuhi yetu tuliamshwa na tarumbeta, na ukichelewa kuamka baada ya tarumbeta ulimwagiwa maji. Nyumba zilikuwa zimepangwa mistari, mabati mekundu, bomba moja kwa mstari mzima, na foleni ya ndoo iliyoanza kabla ya alfajiri. Harufu ya utoto wangu ni dawa ya viatu, wanga wa kupigia kaki pasi, na mkaa unaokataa kushika wakati wa masika. Baba zetu walitoka nyumbani wamenyooka mpaka tukadhani wamezaliwa na mikunjo ile ya suruali. Baba yangu alikuwa koplo, mtunza ghala la silaha. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimwuliza kitu leo, jibu ungeweza kulipata kesho, tena limefungwa vizuri.

Tulicheza kombolela, tulicheza mdako, tulicheza rede kwa mpira wa soksi kuukuu zilizojazwa matambara. Kwenye rede nilikuwa na jina. Nikiushika mpira, hata kaka yangu Shabani, aliyenizidi miaka mitatu na maringo ya miaka kumi, alikumbuka ghafla kwamba ametumwa dukani. Sababu ni kwamba mimi ni mashoto. Mpira wangu ulitokea upande ambao hakuna aliyeutazamia.

Lakini kwenye rede tu ndipo mkono ule ulipokuwa na heshima. Kwingine kote ulikuwa aibu ya familia. Mwalimu wetu wa darasa la tatu, mama mpole kwa mambo mengine yote, alikuwa akiniona nimeshika kalamu kwa kushoto anakuja taratibu na rula, anaigonga mifupa ya vidole. "Huo ni mkono wa chooni! Utaandikia jina la Mungu mkono wa chooni?" Nilikuwa nahamishia kalamu kulia, na herufi zangu zinaanza kutembea kama kuku aliyekunywa pombe. Nyumbani nako Mama, kwa mapenzi yake yote, alikuwa ananifunga kitambaa kwenye vidole vya kushoto wakati wa kula na wakati wa kazi za shule. Alikuwa anakifunga kwa upole, huku akinisomea dua. Alikuwa anaogopa nitakuja kuchekwa ukweni.

Nikaanza kujifunza kuuficha mkono wangu. Nilikuwa naukalia.

Basi mkuu wa kambi yetu, Afande Mkude, alikuwa amerudi kutoka kozi ya nje na wazo kichwani: watoto wa kota wafundishwe kulenga shabaha, kama mchezo, kwa bastola za upepo. Kwa asiyezijua, hizi hazina baruti. Unavuta mkono wa chuma wa pembeni, hewa inabanwa ndani, ukifyatua inasukuma kipande kidogo cha risasi chenye ukubwa wa punje ya mtama. Zilikuwepo mbili ghalani, kuukuu, zimechubuka, zilitumika kuwazoeza makuruta. Kila Jumamosi mchana tulipangwa mstari nyuma ya bwalo, mbele yetu kuna kasha limejazwa mchanga, na juu yake karatasi yenye maduara tuliyochora wenyewe kwa kufuatisha mdomo wa glasi, wa kikombe na wa chupa ya soda.

Masharti yalikuwa makali kuliko ya msikitini. Bastola haielekezwi kwa mtu hata kwa mzaha. Haigusi mkono wako mpaka Baba akukabidhi. Ukigeuka nayo, umefukuzwa, na baba yako ataitwa ofisini. Baba ndiye aliyekuwa anazileta kutoka ghalani kwenye sanduku lenye kufuli, na ndiye aliyevuta ule mkono wa chuma, maana sisi hatukuuweza. Alifanya kazi hiyo kimya, mtoto baada ya mtoto, na kwangu mimi alikuwa koplo tu kama kwa wengine.

Nilipiga kwa mkono wa kulia, kama ilivyotakiwa. Risasi zangu zilikuwa zinakwenda kuusalimia mchanga. Shabani yeye alitoboa karatasi bila shida na kila jioni alitusimulia chakulani, kama kwamba hatukuwepo. Ilipokaribia siku ya michezo ya kambi, ambapo watoto wa kambi nyingine wangekuja na lori kushindana nasi, Afande Mkude alipita mstarini akachagua. Alipofika kwangu aliitazama karatasi yangu, nzima, haina hata tundu.

"Huyu binti wa Koplo apumzike kidogo," alisema, tena kwa upole. "Tuwape wengine nafasi."

Sikulia pale. Mtoto wa kota halii mbele ya afande. Nilisubiri wenzangu watawanyike, nikaokota kijiti, nikasimama mahali palepale, nikakinyoosha kwa mkono wa kushoto kuelekea kwenye kasha. Jicho la kushoto likafunguka lenyewe, la kulia likajifunga lenyewe. Nikaona ncha ya kijiti imetua katikati ya duara, imetulia kabisa. Nilikaa hivyo muda mrefu, nikifyatua kwa mdomo. Sikujua kwamba Baba alikuwa bado anafunga sanduku nyuma yangu.

Jumamosi iliyofuata, wengine walipokwisha, akaniita. "Shika kwa kushoto." Nikashika, nikaumia. Mpini wa bastola ile ulichongwa kwa ajili ya mkono wa kulia wa mtu mzima. Palipotakiwa kuwa na bonde kulikuwa na nundu, na pale pa kuegemeza kidole gumba pakanichoma kwenye kifundo. Ilikuwa kama kuvaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, tena cha baba yako. Hata hivyo risasi ya kwanza iliitoboa karatasi. Pembeni kabisa, lakini iliitoboa.

Baba akatazama tundu, akatazama mkono wangu. "Haya, nenda nyumbani," akasema.

Kesho yake kigoda cha Mama cha jikoni kilipotea.

"Baba Shabani, kigoda changu kiko wapi?"

"Kinatengenezwa."

"Kilikuwa kimeharibika?"

"Bado."

Mama alikuja kukiona uani, mguu mmoja umeshakatwa. Kilikuwa cha mninga, na Baba alikuwa ameuona ule mguu siku nyingi, mnene, mkavu, hauna ufa. Pesa ya kununua ubao haikuwepo, na kama ingekuwepo ingekwenda kwenye viatu vya Shabani aliyekuwa anaviua kila muhula. Tangu siku ile Mama alikaa juu ya debe la mafuta lililopinduliwa, na kila aliposimama debe lilitoa mlio, na kila lilipotoa mlio alimtazama Baba.

Sasa msije mkadhani Baba alileta silaha nyumbani. Bastola yenyewe haikutoka ghalani hata siku moja. Alichofanya ni kuchonga bastola ya ubao, kipande cha kasha la sabuni, chenye umbo na unene uleule wa chuma cha mpini, na matundu ya skrubu mahali palepale. Alipima ghalani kwa uzi na vifundo, akaja kuchonga nyumbani. Kwenye ubao ule ndipo alipojengea mpini mpya wa vipande viwili, kushoto na kulia, ambavyo siku ya kazi angevifunga kwenye bastola kwa skrubu mbili na baadaye kuvifungua bila kuacha alama.

Vifaa vyake vilikuwa kisu cha jikoni, tupa iliyoisha meno, na vipande vya chupa iliyovunjika. Mnaokumbuka, kipande cha chupa kilikuwa kinaparua mbao vizuri kuliko msasa wa dukani, ila mjukuu wangu wa kesho asijaribu. Mninga ulipoparuliwa ulitoa vumbi jekundu lenye harufu ya utamu fulani, na Baba hakulitupa. Alilikusanya kwenye kifuniko cha kopo, akalichanganya kwenye sufuria ya Mama na gundi aliyoomba kwa seremala wa kambi, likawa uji mzito. Akaupaka kwenye mpini.

"Shika," akaniambia. "Shika kama unavyotaka wewe. Usishike kama mimi."

Nikashika. Uji ulikuwa wa baridi na ulinata, ukapenya katikati ya vidole. Akanikalisha kizingitini, jua la mchana likitupiga, akakaa mbele yangu na kuutazama mkono wangu. Inzi akitua alimfukuza. Alikuwa hajawahi kunitazama muda mrefu kiasi kile, na bila shaka hajawahi mtu yeyote kuutazama mkono ule bila kuusema. Nilitaka kuukalia kwa mazoea, lakini ulikuwa umeshikwa na gundi.

Uji ulipokauka, mabonde ya vidole vyangu vidogo yalibaki pale. Akayafuata kwa kisu, akapunguza hapa, akaongeza uji pale, akanirudisha kushika. Tulifanya hivyo jioni nyingi baada ya kazi. Kidole gumba akakichongea kitanda chake. Chini ya kiganja akaweka kirafu cha kuubeba mkono usichoke. Mwisho akausugua kwa mafuta ya nazi na nta mpaka ukang'aa kama goti la mtoto aliyeogeshwa.

Mama alivumilia kigoda, alivumilia gundi kwenye sufuria yake ya uji, lakini mkono ule ulimshinda. Jioni moja alisimama mlangoni na mwiko.

"Baba Shabani, shuleni wanamwambia kulia. Mimi namwambia kulia. Wewe unamwambia kushoto. Huyu mtoto amsikilize nani?"

Baba aliendelea kuparua. "Mimi simwambii kitu. Namtengenezea mpini."

"Na watu watasema nini?"

"Watasema mtoto wa Koplo ni mashoto. Si ni kweli?"

Mama alirudi jikoni, tukasikia debe.

Yakabaki mazoezi. Kila siku baada ya shule nilisimama ukumbini na bastola ya ubao, nikilenga kichwa cha msumari ukutani. Mkono ulipozoea, Baba akanipa pasi ya mkaa, bila mkaa, niishike imenyooka mbele yangu mpaka aseme basi. Yeye alikuwa anasoma gazeti la zamani na kuchelewa makusudi kusema basi. Shabani alianza kwa kunicheka, halafu akaijaribu ile pasi, ikamwangukia karibu na kidole. Tangu hapo akanyamaza na kuanza kufanya mazoezi kisirisiri nyuma ya choo. Kila Jumamosi Baba alinipa zamu ya mwisho, wenzangu wakishaondoka, na karatasi zangu zikaanza kuwa na matundu, kwanza ya kutawanyika kama tetekuwanga, baadaye yakaanza kukaribiana.

Siku ya michezo ilifika. Lori la kambi ya pili liliingia na watoto wakiimba, wamevaa fulana zinazofanana, sisi tumevaa tulizonazo. Akina mama walikuwa wanakaanga maandazi kando ya bwalo. Bendi ilipiga. Baba, alipofungua sanduku, alifanya jambo ambalo bado naliona. Aliwasha koroboi mchana kweupe, akapitisha kilengeo cha mbele cha bastola juu ya moshi wake, kikawa cheusi tititi, ili jua lisimetemete pale na kunidanganya macho. Halafu akavifunga vile vibao vyangu kwa skrubu mbili, ingawa jina langu halikuwamo kwenye orodha.

Afande Mkude alikuwa anakagua. Akaichukua bastola, akaigeuza.

"Koplo. Hii ni nini?"

"Mpini, Afande."

"Naona ni mpini. Umetoka wapi?"

"Nimeuchonga, Afande. Wa mkono wa kushoto." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa vibao vya asili vimefungwa kwenye leso safi. "Vya serikali hivi hapa. Hakuna kilichokatwa wala kutobolewa. Nilikusudia kukuomba, ulikuwa safarini."

Koplo kugusa mali ya ghala bila ruhusa haikuwa mchezo. Watu walikuwa wamevuliwa vyeo kwa mambo madogo kuliko hayo, na sisi watoto tulilijua hilo, kwa sababu mtu akivuliwa cheo familia yake ilihamia kota za mwisho, zile za karibu na dampo. Nilimtazama Mama kule kwenye maandazi. Alikuwa amesimama na kijiko hewani, mafuta yanachuruzika chini.

Afande Mkude aliufuatisha mpini kwa kidole, bonde kwa bonde, mpaka kwenye kile kitanda cha gumba. Halafu akanitazama mimi. Bila shaka alikumbuka ile karatasi nzima.

"Apige kwanza," akasema. "Mimi na wewe tutaongea."

Sikumbuki bendi wala watu. Nakumbuka Baba anavuta ule mkono wa chuma, ananikabidhi, na mpini unaingia kiganjani kama vile ulikuwa unanisubiri. Nilinyoosha mkono. Kwa mara ya kwanza mbele ya kambi nzima, mbele ya mwalimu wangu aliyekaa kwenye benchi la wageni, mkono wangu wa kushoto ulikuwa nje na umenyooka, na hakukuwa na mtu wa kuugonga. Nikapumua. Nikafyatua. Tundu. Nikafyatua tena, mpaka zamu yangu ikaisha.

Nilikuwa wa tatu. Najua mngependa niwe wa kwanza, hata mimi ningependa, lakini kulikuwa na msichana mmoja mrefu wa kambi ya pili aliyepiga kana kwamba karatasi imemkosea. Shabani akawa wa nne, na wiki nzima hakunisalimia. Zawadi yangu ilikuwa raba nyeupe za kamba, mpya kabisa, kubwa mno kwangu. Akazivaa yeye. Ndipo akaanza kunisalimia.

Ile jioni Baba aliitwa ofisini. Tulikaa tukimsubiri, Mama juu ya debe, hata hakulitingisha. Alirudi kwa mwendo wake uleule.

"Vipi?" Mama akauliza.

"Nimeongezewa lindo. Mpaka atakaponiambia basi."

"Na cheo?"

"Kipo." Akavua kofia. "Mpini amesema ubaki ghalani. Kuna kuruta naye ni mashoto."

Mama alikwenda kupakua chakula. Lakini Jumatatu asubuhi alivaa gauni lake la Idi, akajitanda ushungi, akanishika mkono, wa kushoto, akanipeleka shule. Nilidhani anakwenda kuomba radhi kwa jambo ambalo sijalijua. Mwalimu alitoka barazani.

"Shikamoo, Mwalimu," Mama alisema, ingawa walikuwa karibu rika moja. "Huyu mwanangu, kula atakula kwa kulia, hilo ni la dini na mimi namsimamia mwenyewe. Kusalimia watu, kulia. Lakini kuandika, Mwalimu, nakuomba umwache aandike kwa mkono anaouweza. Nimechoka kumfunga kitambaa."

Mwalimu alinitazama. Sijui kama ni kwa sababu aliniona siku ya michezo, au kwa sababu ya lile gauni la Idi. "Haya, Mama Shabani," akasema. "Ila mwandiko ukiwa mbaya nitakuita."

Hakumwita.

Mama ametutoka miaka mingi sasa, Mungu amrehemu. Watu wakinisifu kwa mwandiko wangu, huwa namwona yeye, amesimama mbele ya mwalimu na gauni lake la Idi, akisema maneno yaliyomgharimu kuliko lindo lote la Baba.

Nilikuja huku China kwa masomo, kabla sijaingia kwenye hii kazi ya kuwatembeza wanunuzi viwandani na kuwapeleka Pazhou kwenye maonyesho. Mwaka wa kwanza wa lugha, laoshi wetu, yaani mwalimu, alisimama nyuma ya kiti changu akiangalia ninavyochora zile herufi zao zenye vijiti ishirini. Akatikisa kichwa. Akaichukua kalamu kutoka mkono wangu wa kushoto, akaiweka kwenye wa kulia, akanipigapiga begani kwa wema. Huku nako, kumbe. Darasa lote lilinitazama, Waganda, Wakongo, Wazanzibari. Zamani ningeukalia mkono. Nilimshukuru kwa adabu, nikairudisha kalamu ilikotoka, nikaendelea. Wino ulinichafua kiganja, na mpaka leo unanichafua, lakini mtihani nilifaulu. Hata sasa nikiandika bei kwenye kikaratasi dukani, laoban, mwenye duka, ananyanyua kichwa kuutazama mkono wangu kabla hajasema "meiyou", hakuna punguzo. Wakati mwingine anasahau kusema, namshinda hapohapo.

Basi juzi Ijumaa, baada ya lile la Sudi, nilimpigia Baba simu ya video. Anaishi Morogoro na Shabani, ambaye sasa ana kitambi na wajukuu. Baba amezeeka, simu anaishika mbali na uso kwa hiyo huwa naongea na sikio lake na kipande cha dari.

"Baba, shikamoo. Nimepiga kukushukuru."

"Marahaba. Pesa imefika, mwanangu."

"Si pesa. Ule mpini ulionichongea. Sijawahi kukushukuru."

Dari ikayumba kwenye skrini. "Ah. Ule wa kigoda cha mama yako?" Akacheka, kicheko chake kifupi. "Lile lindo lilikuwa zuri sana. Kule ghalani hakuna mbu. Nilimwambia mama yako nateseka."

"Baba, ungeweza kuvuliwa cheo. Kwa nini ulifanya vile?"

Akafikiri. Nilijiandaa kungoja mpaka kesho, kama zamani. Lakini safari hii alijibu palepale.

"Nilikuwa nimesimama pale nakuona unahangaika," akasema. "Basi."

Nilipokata simu nilikaa kwanza. Sudi alikuwa tena sebuleni na bastola yake ya dhahabu, iliyoletwa tayari imemwenea, kama kila kitu chake kinavyoletwa: viatu vya saizi yake, begi la mgongo wake, kiti kinachopanda na kushuka, vyote vinafika mlangoni kesho yake ndani ya boksi. Simwonei wivu. Namshukuru Mungu kwamba hajui kulia kwa kukosa. Lakini enzi zetu, wenzangu, hakuna kitu kilichotuenea kilipofika, na kwa sababu hiyo ilibidi mtu mzima akae chini, aache kazi zake, atutazame vizuri ajue tuna umbo gani. Sisi tulitazamwa. Nikaenda sebuleni, nikasogeza miguu yake mirefu, nikakaa mwisho wa kochi bila simu wala karatasi za mteja, nikamtazama mwanangu.

"Nini, Mama?" akauliza, bila kuinua macho.

"Hakuna kitu," nikamwambia. "Endelea."